Nafasi ya Jicho

Damu ilimwingia Ozell Burrage jichoni kabla mwangwi wa risasi haujarudi kutoka kinamasini. Alibaki ameketi kwenye benchi la kulengea, bunduki mkononi, ladha ya chuma mdomoni. Nyuma yake wanaume kumi na wanne wa Klabu ya Uwindaji ya Shiloh Bend walikuwa wamenyamaza kwa ile adabu ya watu wanaojizuia kucheka. Ukingo wa darubini mpya iliyofungwa juu ya bunduki ulikuwa umemchonga hilali juu ya nyusi ya kulia, safi kama iliyokatwa kwa mdomo wa kikombe.

"Mwezi umeandama," mmoja akasema, na adabu ikaishia hapo.

Alikuwa amebakiwa na risasi ya tatu. Bunduki yake ilikuwa ya risasi moja, ile ya kukunja katikati, unatia risasi nene kama kidole cha mtoto, unaifunga, unavuta nyundo kwa dole gumba. Nyepesi kuibeba kutwa nzima, lakini ikilia inapiga teke la nyumbu aliyeudhiwa. Ozell alijifuta kwa mkono wa koti, akalenga, na alipogusa kifyatulio mwili ukamsaliti: macho yalifumba, bega likarudi nyuma, risasi ikalima tope hatua mbili mbele ya shabaha.

Lavenia, dada yake mdogo, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alitembea yadi mia hadi kwenye shabaha, akaibandua sahani ya karatasi kwenye ubao, akarudi nayo bila haraka.

"Mbili ndani, moja kwenye tope," alitangaza. "Hajapita."

Sheria ya klabu ilijulikana na kila mtu kaunti ile. Kabla ya msimu wa Desemba, msimu wa bunduki za risasi moja, kila mwanachama alitakiwa kutia risasi tatu kwenye sahani ya kulia chakula kwa yadi mia. Asiyeweza hapewi kituo, mahali pa kuketi kuvizia kulungu, mwaka huo. Anarudia mara moja tu, Jumamosi inayofuata. Akishindwa tena, anaketi nyumbani na kusikiliza milio ya wenzake.

Na sheria hiyo aliiandika Ozell mwenyewe.

Aliiandika mwaka 1986, na hakuna tarehe aliyowahi kuisahau. Ardhi ile, ekari mia tatu na ishirini, familia kumi na moja za watu weusi waliinunua pamoja mwaka 1948, wakati akina Thornwell wenye shamba la jirani waliiona kuwa dimbwi la vyura. Miti ilipokua na kulungu wakajaa, dimbwi likageuka kuwa mali, na akina Thornwell wakaanza kutafuta mlango wa kuingilia. Marehemu Hosie Tubbs ndiye aliyewafungulia bila kujua. Alimjeruhi kulungu, kulungu akaruka uzio, Hosie akamfuata. Askari walimkuta upande wa pili akiwa amepiga magoti kando ya mnyama. Kesi ilichukua miaka miwili, na hoja ya akina Thornwell ilikuwa moja: watu hawa hawajui kupiga, ni hatari kwa majirani, klabu yao ifungwe. Klabu haikufungwa. Lakini usiku wa hukumu Ozell, aliyekuwa na miaka thelathini na miwili na tayari anawachemsha wafanyakazi wa kiwanda cha kambare kudai haki zao, aligeuza karatasi ya mgomo na kuandika nyuma yake: kulungu wetu aangukie kwetu. Chini yake akaandika zile risasi tatu.

Sasa alikuwa na sitini na minane. Vile vichuma vya kulengea vilivyo juu ya mtutu, alivyovitumia maisha yake yote, vilikuwa vimegeuka ukungu. Alikuwa amemficha kila mtu jambo hilo isipokuwa muuza duka.

Shemasi Purvis Oatis, mwenyekiti wa klabu, alimfuata kwenye gari lake la mizigo akiwa na kikombe cha karanga za kuchemsha. Alizunguka sana kabla ya kufika anapokwenda. Alisema wazee wameteta kidogo. Alisema mtu aliyeijenga nyumba hafukuzwi kwa sababu amejikwaa kizingitini. Mwishowe akashusha sauti.

"Kaka Ozell, mbili kati ya tatu zinatosha kwa mtu kama wewe. Nani atauliza?"

"Mimi nitauliza."

"Hii si kesi, bwana."

"Ilikuwa kesi, Purvis. Wewe ulikuwa Chicago unauza viatu. Mwaka tutakaompitisha mtu kwa sababu tunampenda, ndio mwaka Thornwell atapata anachokitafuta. Nenda kale karanga zako."

Shemasi alicheka, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, akaenda.

Njiani kurudi nyumbani Ozell hakulalamikia bunduki wala macho. Kilichomuuma ni namna alivyoipata darubini ile. Aliingia dukani na aibu yake, na Tolliver, mwenye duka la zana za uwindaji mjini, akainusa. Alimtolea darubini ndefu kama chupa ya mvinyo, kioo cha mbele kipana kama kisosi, inakuza mara kumi na mbili. Alimwambia ataona hadi nywele za ndani ya sikio la kulungu. Ozell akaitikia kwa kichwa kama mtoto mbele ya daktari. Miaka thelathini na mmoja kwenye mstari wa kupasua samaki, aliwaambia wanawake na wanaume wenye visu mikononi: usimruhusu anayekuuzia akwambie unachohitaji. Kisha yeye mwenyewe akaruhusu.

Jumapili baada ya ibada Lavenia alikuja na plasta na futi yake ya kushonea.

"Kaa," alimwambia. "Nataka kuona unavyojipiga mwenyewe."

Alimketisha kwenye kiti cha jikoni, bunduki tupu begani, koti la baridi mwilini, kwa maana alisema hawindi kulungu akiwa na shati tu. Akapima kutoka jichoni hadi kioo cha nyuma. Akamwambia afumbe macho, ainue bunduki, ayafumbue. Akapima tena. Akampigia makofi ghafla, "Kulungu huyo anakimbia!", na kaka mtu alipoiinua kwa pupa akapima mara ya tatu. Kila kipimo alikiandika nyuma ya bahasha ya kanisa.

Kwa utulivu, jicho lilikaa inchi tatu na nusu. Kwa pupa, shingo ilinyooka mbele kama ya kobe na nafasi ikabaki inchi mbili.

"Na bunduki inarudi nyuma kiasi gani?" Lavenia aliuliza.

"Inchi mbili. Na zaidi nikiishika kizembe."

"Basi huhitaji plasta, unahitaji hesabu."

Walilitoa sanduku la darubini kwenye takataka. Mbele, kwa herufi kubwa, palisifiwa ukuzaji na upana wa kioo. Ile namba ya nafasi ya jicho, umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma na bado lione picha nzima, ilikuwa pembeni kwa herufi ndogo kama mchwa: tatu na nusu, na ukikuza hadi mwisho inashuka chini ya tatu. Ozell alikuwa amelenga akiwa amekuza hadi mwisho. Alikuwa amekwenda kuitafuta picha kwa uso wake, na bunduki ikaja kumlaki.

Kulikuwa na jambo lingine. Mkia mnene wa darubini ulifunika nyundo. Vidole vyake, vilivyopindwa na kisu na maji ya barafu ya kiwandani, vilikuwa vinapapasa chini yake kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka nyuma ya kochi. Hata hilo hakulisema dukani.

Jumanne alirudi kwa Tolliver na bunduki, futi, na plasta juu ya nyusi. Hakuivua kofia. Alimwambia atoe kila darubini aliyo nayo, hata zile za rafu ya chini. Tolliver alianza upya wimbo wake wa mwanga na ukuzaji, na Ozell akamwacha amalize kama alivyokuwa akiwaacha mameneja wamalize.

"Nina swali moja tu," alisema. "Jicho langu likae mbali kiasi gani?"

"Mzee, hilo sio jambo la kwanza watu wanaloangalia."

"Watu gani? Hawa wenye mwezi usoni?"

Wateja wawili waliokuwa wakichagua buti waligeuka. Mmoja wao, bila kukusudia, aliigusa nyusi yake.

Aliziweka darubini moja moja juu ya bunduki, akaiinua begani, akirudisha kichwa nyuma taratibu hadi picha ianze kumezwa na giza pembeni, na hapo akapima. Zile za bei kubwa zilishindwa kwanza. Nyingine ilikuwa na nafasi nzuri, lakini ilihitaji kuinuliwa juu sana, shavu lake likaelea hewani bila kugusa kitako. Akaiweka kando. Tolliver alianza kutazama saa.

Ya mwisho ilikuwa bomba fupi jembamba, limenyooka mbele na nyuma, halina kidude cha kuzungusha. Inakuza mara mbili na nusu, basi.

"Hiyo ni ya bunduki za kuwindia bata mzinga," Tolliver alisema. "Utaona nini kwa yadi mia tatu?"

"Yadi mia tatu kutoka kituo changu ni sebule ya Thornwell. Sina haja ya kuona anachokula."

Alipima. Inchi nne na nusu, na picha bado nzima kama bakuli lililojaa maziwa. Ilikaa chini kabisa, shavu likatulia kwenye mbao. Na kule nyuma, kwa kuwa mkia ulikuwa mwembamba, dole gumba lililopinda lilikwenda moja kwa moja kwenye nyundo likaivuta bila kuuliza njia. Ozell aliivuta na kuishusha mara tatu, akiisikiliza. Hakutabasamu mbele ya Tolliver. Alimwambia tu aifunge vizuri, na akasimama pale pale akitazama kila skrubu inavyokazwa.

Alhamisi walikwenda na Lavenia kuirekebisha ipige inapolenga. Risasi nne za kwanza uso haukuguswa. Lakini mwili una kumbukumbu yake, na wa Ozell ulikuwa umefunzwa na damu. Lavenia aliliona hilo kabla yake. Alimwambia atazame mbele, akawa yeye anayetia risasi na kufunga bunduki. Mara ya tatu hakutia kitu. Ozell alivuta kifyatulio, nyundo ikalia tiki, na mtutu ukaruka wenyewe kama mbuzi aliyepigwa fimbo. Hapakuwa na teke. Palikuwa na yeye tu.

Aliona haya mbele ya dada yake zaidi kuliko alivyoona mbele ya klabu.

"Sawa," Lavenia alisema. "Sasa tumemjua adui. Tena."

Walirudia mpaka bega likawa jeusi, yeye asijue lini bunduki iko tupu na lini imejaa, mpaka nyundo ikalia tiki na msalaba mdogo ndani ya darubini ukabaki palepale, umetulia kwenye karatasi.

Jumamosi klabu yote ilikuja, ingawa wengine wote walikwisha kupita. Walipoiona darubini, mizaha ikaanza. Mmoja alimuuliza kama ameinyang'anya kwa mjukuu wake. Mwingine akasema ile ni filimbi, apige wimbo. Ozell aliwaambia wanaotaka kucheka wasimame karibu na benchi, wapunguze umbali wa kutembea kuja kuomba radhi.

Risasi ya kwanza ilitoboa sahani juu kidogo ya katikati. Alikunja bunduki, ganda likaruka, akatia nyingine. Ya pili ikakaa vidole viwili kutoka ya kwanza. Mizaha ilikuwa imekoma.

Ya tatu alikaa nayo muda mrefu. Bega lilikuwa linaomba kukimbia, na yeye alilisikia likiomba, akaliacha liombe. Aliuona mduara mzima mweupe, aliuona msalaba, akabana polepole na macho wazi. Bunduki ilimpiga ikamsukuma nyuma. Darubini ilikuja mpaka karibu na nyusi, ikasimama, ikarudi.

Kutoka pale benchini tundu la tatu halikuonekana. Shemasi Oatis alitazama kwa darubini yake ya mkononi, akaishusha, akaangalia viatu vyake. Lavenia alishaondoka. Alitembea kama wiki iliyopita, bila kuongeza hatua hata moja kwa ajili ya kaka yake, akaibandua sahani, akairudisha ikiwa imelazwa kiganjani.

Tundu la tatu lilikuwa chini kabisa, pale sahani inapoanza kujikunja kuwa ukingo. Akaizungusha sahani kwenye jua mbele ya kila mmoja. Karatasi ilikuwa nzima kulizunguka tundu lote, upana wa punje ya mahindi.

"Limeingia lote," alisema. "Lingegusa mwisho wa karatasi ningemnyima, na mnajua ningemnyima."

"Tunajua," walijibu kwa pamoja, na walikuwa wanajua.

Oatis alimpeleka kwenye ubao wa vituo. Waliopita wiki iliyotangulia walikuwa wamechagua kwanza, kama desturi, na majina yao yalijaza kila mstari isipokuwa mmoja: namba tisa, kile kituo chake cha siku zote, ubavuni mwa uzio wa Thornwell, ambako kulungu akipigwa vibaya ana hatua kumi tu za kuvuka. Ozell aliutazama mstari ule mtupu, akawatazama na wao. Walikuwa wanaangalia mawingu, funguo zao, mbwa wa mtu.

"Wanaume kumi na wanne," alisema, "na hakuna aliyetaka tisa."

"Tulikuwa tunaogopa, Mzee," Oatis akamjibu, uso mkavu wa mtu anayezuia kicheko.

Ozell alichukua chaki kwa dole gumba lake lililopinda na kuandika jina lake lote, Ozell Lucius Burrage, kwa herufi kubwa mno hadi zikaingia kwenye mistari ya majirani.