Nukta Zilizolala

"Nukta zimelala tena, Fundi," nilimwambia, nikamsukumia ukurasa mezani. Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ileile. Nikamwongezea kwamba hata mtoto wa darasa la kwanza asingesoma takataka ile.

Mimi ni kipofu tangu kuzaliwa, na kazi yangu ilikuwa kusahihisha vitabu vya nukta nundu, maandishi ya vipofu yasomwayo kwa vidole, kabla havijapelekwa mashuleni. Miaka kumi na tisa vidole vyangu havikuwahi kunidanganya, na nilijivunia, sifichi. Kwa hiyo nukta zilipoanza kufifia sikujiuliza mara mbili. Nililaumu mtambo wa kuchapia, nikalaumu karatasi, mwisho nikamlaumu Fundi, mzee mpole aliyeuendesha, kuwa umri umemshinda.

Siku hiyo hakubisha. Alimwita msahihishaji mwenzangu wa chumba cha pili, kipofu kama mimi, akampa ukurasa uleule. Mwenzangu akausoma kwa sauti toka juu mpaka chini, hakukwama popote. Fundi akavuta kiti, akakaa karibu yangu.

"Mwanangu," alisema polepole, "mtambo ni mzima."

Ndipo nilipokiri nilichokuwa nakikwepa miezi minne. Vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Miguu nayo hivyohivyo. Kandambili ilikuwa ikinivuka mguuni njiani nami nachapa mwendo tu, mpaka wapita njia waniite. Niliogopa, tena sana. Mwingine akifa ganzi vidole atahangaika na vifungo vya shati. Mimi ningekuwa kipofu mara ya pili.

Tulizunguka hospitali, mimi na mdogo wangu wa kike, hadi walinzi wakatuzoea. Daktari wa kwanza alinimulika macho. Nikamwambia hayo hayajawahi kunisumbua, ayaache yapumzike. Wa pili alisema nina mawazo. Wa tatu alipima sukari, akaikuta sawa. Kila mmoja aliuliza natumia dawa gani, na kila mmoja nilimjibu kwa kujiamini kabisa kwamba situmii.

Wa nne alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama asiye na haraka. Akauliza lilelile, nikajibu lilelile. Mdogo wangu akaguna.

"Na vile vya kiungulia, dada?"

"Vile si dawa."

"Unavimeza kila asubuhi tangu mimi niko sekondari. Leo nina watoto wawili."

Daktari aliacha kuandika. Akaeleza kwamba vidonge vile hupunguza asidi ya tumbo, na mtu akivitumia miaka mingi mwili unaweza kushindwa kuichota vitamini B12 kwenye chakula. Nayo ikipungua, neva zinaumia. Damu ilipopimwa, vitamini ilikuwa chini mno. Nilimuuliza jambo moja tu: kama nitasoma tena.

"Tumechelewa kidogo," alisema. "Sindano tunaanza leo. Mengine vidole vitatujibu vyenyewe."

Havikuwa na haraka ya kujibu. Miguu ilitangulia, halafu mkono wa kushoto. Kidole cha shahada cha kulia, kile nilichokitegemea maisha yangu yote, hakijarudi sawasawa mpaka leo. Nikaanza upya kwa kushoto, herufi mojamoja, mimi niliyekuwa nikiwacheka wanaosoma kwa kujikongoja. Nililia mara mbili, kisha nikachoka kulia, nikaendelea.

Fundi nilikuwa nimeshamwomba radhi, naye alisema yameisha. Mwezi wa saba wa sindano aliniletea kurasa mpya, akaziweka mezani. Nilizipitia mstari kwa mstari, kijasho kikinitoka, naye kasimama palepale. Katikati ya ukurasa wa pili nilisita. Nikarudi nyuma, nikapita tena taratibu.

"Fundi, hapa umeruka herufi."

Alichukua nakala yake, akalinganisha.

"Kweli, nimekosea," akasema, na katika miaka yote niliyofanya naye kazi sikuwahi kumsikia akilisema hilo kwa furaha.