Delila Aliyeambiwa ni Ruthu

Mchoraji wa mabango waliyemwita Rula alikuwa na udhaifu mwingi katika kazi yake, na aliujua wote kwa mpangilio. Kwanza, hakuweza kuchora mikono. Watu wake wote waliificha mifukoni, au nyuma ya ng'ombe, au katika majani marefu. Pili, hakuweza kubuni sura. Aliwahi kujaribu mara moja, mfalme kwenye ukuta wa shule, akatoka kama mkate uliovishwa taji. Tangu siku hiyo akawa anaazima. Muuguzi mwenye huruma pale zahanati alikuwa shemeji yake, dada wa mke wake. Simba wa duka la viatu alikuwa na macho ya baba mkwe wake, jambo ambalo Rula alikusudia kwenda nalo kaburini.

Alichokiweza ni miraba. Hakusomea kuchora popote. Alijifundisha kwa kunakili picha za kalenda kuukuu: anaipigia picha mistari kwa rula, anaupigia ukuta mistari kwa uzi uliopakwa chaki, kisha anahamisha mraba mmoja mmoja. Ilichukua muda, lakini hakuwa mtu wa haraka. Hata watu aliwahukumu hivyo hivyo, mraba kwa mraba, na mara nyingi alipofika katikati alikuwa ameshasahau kosa lenyewe.

Siku moja kinyozi wa mtaa wa pili alimwita.

"Nataka Samsoni na Delila," kinyozi alisema, akionyesha ukuta mrefu ulioelekeana na vioo. "Mteja akikaa kwenye kiti, aione picha nzima kwenye kioo."

Rula alifikiri kidogo. "Bosi, samahani. Samsoni si ndiye aliyenyolewa akaishiwa nguvu?"

"Ndiye."

"Na wewe kazi yako ni kunyoa."

Kinyozi aliizima mashine. Mteja aliyekuwa kitini alibaki na nusu kichwa. "Rula, kile kisa umekisoma au umesimuliwa? Kila picha ninayoiona, Delila kashika mkasi. Uzushi mtupu! Delila hakunyoa mtu. Delila aliita mtu, na huyo mtu ndiye aliyenyoa. Vishungu saba vya nywele, na mwenye kichwa hakuamka! Huo mkono unaujua wewe? Mimi nina wateja wanaruka nikiwagusa sikio tu."

"Kweli kabisa," alisema mteja wa nusu kichwa, bila kutikisika.

"Na hana jina! Delila ana jina, Samsoni ana jina, hata bonde lina jina. Kinyozi je? 'Mtu.' Nimechoka kumwona mwenzangu anadhulumiwa. Nichore mimi, hapo katikati."

Rula alirudi nyumbani akakisoma kile kisa mara nne, akiweka rula chini ya kila mstari. Kinyozi alikuwa sahihi. Basi ikabaki kazi ya kuazima.

Kinyozi alijitoa mwenyewe. Mchukuzi mmoja wa mizigo alitoa mabega na kifua. Uso wa Samsoni Rula aliutoa kwenye kioo chake cha kunyolea, kwa kuwa hakuna mwanamume mwingine aliyekubali kuchorwa akikoroma. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, husema watu. Za Rula zilikuwa zimehama tangu zamani, zikaacha ukingo mwembamba juu ya masikio. Alijiongezea vishungu saba vinene, akaviangalia, akaona vinampendeza. Akaongeza na ndevu.

Shida ilikuwa Delila. Aliwafikiria wanawake wote aliowafahamu, akaona kila mmoja ana mume, au kaka, au ulimi. Mke wake alikuwa navyo vyote vitatu, lakini mume huyo Rula alimfahamu vizuri na hakumwogopa.

Mke wake alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulijua kwamba ukimpelekea kitambaa, atakurudishia nguo pamoja na kila kipande kilichobaki, hata kile cha upana wa kidole, amekikunja vizuri. Isitoshe, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kina mama. Rula alimkuta kwenye cherehani, akamwomba akae kwenye kiti cha chini na mto mapajani, mkono mmoja ameuinua kana kwamba anamwita mtu.

"Haya, leo mimi ni nani?" mke wake aliuliza.

Rula alikuwa na penseli mdomoni. Akaitoa. Alikusudia kusema ukweli, na ukweli ulikuwa umeshafika kwenye meno. Kisha akamwona alivyokaa, ameufuta uso kwa kitambaa na kunyoosha mgongo, kama mtu anayepigwa picha ya harusi.

"Ruthu," akasema.

"Ruthu!" Uso wa mke wake ukang'aa. "Na huu mto?"

"Mganda wa shayiri."

"Na ninamwita nani?"

Ukianza uongo, unajijenga wenyewe kama kichuguu. "Naomi," Rula alisema, akainama kwenye miraba yake.

Siku ya tatu wakiwa mezani, mke wake akauliza tena. "Baba watoto, Ruthu si ndiye yule aliyekataa kumwacha mama mkwe wake mpaka mwisho?"

"Ndiye."

"Nimewaambia kina mama wa kwaya. Wamefurahi! Dada anasema eti sasa na mimi nitakuwa ukutani kama yeye. Jumamosi, siku ya kufunuliwa picha, tutakuja wote pale kwa kinyozi."

Rula akameza tonge bila kulitafuna. Akalisukuma kwa maji.

Jumatano akamkuta na mkasi mkononi na kitambaa mezani. "Pale ukutani, Ruthu umemvalisha rangi gani?"

Hapo palikuwa na mlango wazi kabisa. Mtu mwenye akili angetokea hapo. "Nyekundu," Rula alijibu.

"Nyekundu? Shambani?"

"Zamani zile shayiri..." Rula alianza, akajikuta hajui shayiri za zamani zile zilikuwa na nini. "Walikuwa wanavaa."

Mke wake hakubisha. Alikuwa mtu wa kuamini jibu la mumewe, ndiyo maana Rula alijihisi kama mwizi aliyefunguliwa mlango akakaribishwa na maji. Akaanza kukata gauni jekundu la kufanana na picha.

Ijumaa asubuhi Rula aliamua kumbadilisha Delila sura. Aliinua nyusi, mke wake akawa amekasirika. Alipunguza pua, mke wake akawa na mafua. Alipanua mashavu, akarudi nyuma kutazama, akaona amemchora shemeji yake, ambaye ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko wa dada yake. Akafuta mbio mbio. Mwishowe akamrudisha kama alivyokuwa. Akiri au asikiri, ilikuwa sura nzuri kuliko zote alizowahi kuchora. Hata ule mkono ulioinuliwa alikuwa ameuficha vizuri nyuma ya pazia.

Akakaa kwenye kiti cha kinyozi, akafungua kile kisa kwa mara ya tano. Zile mara nne za kwanza alisoma akimtafuta kinyozi. Sasa alisoma akijitafutia kisingizio, akakutana na jambo ambalo hakuliona kabla. Delila hakuficha kitu. Alimwuliza Samsoni waziwazi: nguvu zako ziko wapi, ufungwe kwa kitu gani? Aliyedanganya ni Samsoni. Kamba mbichi, kamba mpya, nywele zifumwe kwenye mtande, nyuzi za kufumia nguo. Mara tatu.

Rula alihesabu kwa vidole siku alizoulizwa na mke wake. Ruthu, ndiye, nyekundu. Mara tatu.

Jumamosi asubuhi mke wake alikuwa amevaa gauni jekundu, anaweka pini ya mwisho kwenye kilemba. Rula alikuwa amekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Una nini wewe? Tunachelewa."

"Mama watoto," Rula alisema, "wewe si Ruthu."

"Najua mimi si Ruthu. Mimi ni mke wako. Vaa kiatu."

"Pale ukutani. Wewe ni Delila."

Mke wake alikaa kwenye kiti cha cherehani. Mguu wake uliigusa pedeli, gurudumu likazunguka mara moja bila uzi, likasimama.

"Na Naomi?"

"Ni kinyozi."

"Na shayiri?"

"Ni kichwa changu."

Alikitazama kichwa cha mumewe kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kukikata. "Hicho?"

"Nimekiongezea nywele."

"Mwaka wa ishirini na mbili huu tumeoana," mke wake alisema polepole. "Ungeniambia, 'Nataka nikuchore Delila,' ningekuambia sitaki. Ungeniomba tena, labda ningekubali, maana kazi ni kazi. Unafikiri yule simba wa duka la viatu sikumjua baba yangu?"

Kiatu kilimdondoka Rula mkononi.

"Nilimjua siku ile ile. Nikanyamaza, kwa kuwa hukuniambia kitu, na mtu asiyeambiwa hajadanganywa. Lakini hili umeniambia. Mimi nikawaambia watu kwa mdomo wangu, na wananijua sirudishi nguo ikiwa imepungua hata kipande." Akasimama, akajinyoosha gauni. "Twende."

"Bado unakwenda?"

"Gauni nimeshona. Ila utakayewaambia ni wewe. Mimi sisemi neno."

Rula alikuwa na sauti ambayo watu wawili wakiisikiliza, mmoja humwuliza mwenzake kasema nini. Kwa kinyozi alikuta kina mama kumi na mmoja, wanne kwenye viti vya wateja, na shemeji yake mbele kabisa na mkoba kifuani. Shuka jeupe lilifunika ukuta. Kinyozi alikuwa ametia manukato mengi, akashika ncha ya shuka na kusema maneno machache juu ya vinyozi waliosahauliwa na historia, kisha akavuta.

Kina mama wakanyoosha shingo.

"Shemeji," dada wa mkewe alisema hatimaye, "Ruthu kampakata nani huyo?"

Rula alisogea mbele. "Huyo si Ruthu. Ni Delila. Nilimdanganya mke wangu."

"Sauti!" akasema mama mmoja wa nyuma.

"Nilimdanganya mke wangu."

"Kasema nini?"

"Anasema kamdanganya mkewe."

"Na nani?" Kina mama wote wakamgeukia kwa macho mapya.

"Hapana!" Rula alipaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu utotoni. "Hakuna mwingine! Nilimdanganya kuhusu shayiri! Nilimwekea mto mapajani, nikamwambia ni Ruthu, akaniamini, akawaambia nyinyi! Yeye hakujua! Hakuna aliyesaliti mtu hapa isipokuwa mimi!"

Sauti yake iligonga vioo ikarudi. Shemeji alishusha mkoba.

"Haya, hilo tumesikia," alisema. "Sasa tuambie, hizo nywele ulizitoa wapi?"

Kicheko kililipuka mpaka chupa za dawa ya nywele zikagongana kwenye rafu. Mmoja alivihesabu vishungu. Mwingine aliuliza yale mabega yanauzwa duka gani. Rula alisimama katikati akikubali kila neno kwa kichwa, maana hakuona hata moja la uongo.

Mke wake hakucheka. Alikuwa ameukaribia ukuta, anaitazama picha kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine.

"Huyu Samsoni," alisema, "aliulizwa mara tatu?"

"Mara tatu."

"Na kila akidanganya, akiamka anakuta amefungwa hivyo hivyo alivyosema?"

"Ndiyo."

"Mara ya nne akasema ukweli, akalala pale pale." Akamgeukia mumewe. "Basi hakuwa amelala. Alikuwa anajua. Mfungue jicho."

"Sasa hivi?"

"Moja tu. Hili la upande wangu."

Rula alichukua brashi nyembamba. Hakuwa na mahali pa kuazima jicho. Aliinama kwenye kioo cha kinyozi, akatazama la kwake: jekundu kidogo, limekunjamana pembeni, lenye hofu. Akalihamisha ukutani kama lilivyo, bila kupiga miraba. Alipomaliza, Samsoni alikuwa amelala kwenye mapaja ya Delila, nusu akikoroma, nusu akimchungulia mkewe kutoka chini, kama mtu aliyefanya kosa na anasubiri kuambiwa.

"Eeh," mke wake alisema. "Huyo ndiye."

"Jamani, na mimi je?" Kinyozi hakuweza kuvumilia zaidi. "Nipo katikati hapo! Hakuna hata mmoja aliyenitazama!"

Wote wakamtazama kinyozi wa ukutani. Kwa kweli alikuwa amependeza, kifua mbele, wembe mkononi. Huo mkono ndio pekee ambao Rula hakupata pa kuuficha, kwa kuwa kinyozi mwenyewe alisisitiza uonekane.

Shemeji alisogea, akanyoosha kidole, akaanza kuhesabu. Akafika mwisho, akarudia. "Mbona vidole sita?"

Kinyozi akautazama mkono wake, kisha ukuta, kisha mkono wake. "Ndiyo maana Samsoni hakuamka," akasema taratibu. "Unaona ufundi huo?"

Hapo ndipo mke wa Rula alipocheka. Kicheko kilianza mabegani, kikashuka mpaka akahitaji mahali pa kujishikiza, na kilichokuwa karibu ni kichwa cha mumewe. Akakishika kwa mkono mzima, hapo pasipo na unywele hata mmoja. Rula alitulia, hakuthubutu kutikisika.