Pistoni Zilizonyolewa

Kuna watu wakiona kitu kimetulia, mikono inawawasha. Shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, ni mmoja wao. Tunamwita Bingwa, na jina hilo alijipa mwenyewe, kwa hiyo unaweza kukisia mengine. Ni mtu mzima mwenye ndevu zake, lakini ukimwachia saa ya ukutani asubuhi, jioni anakurudishia mfuko wa skrubu pamoja na maelezo marefu.

Mimi ni fundi injini, na injini niliyoipenda kuliko zote haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mkwe. Alipostaafu ukunga alijinunulia gari dogo la spoti, jekundu, viti viwili tu, wanawe wote wakadhani amerukwa na akili. Injini ile ilivuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, bila kusukumiwa na kitu. Ukikanyaga kidogo inakupa kidogo, ukiongeza inaongeza papo hapo. Haichelewi, haikurupuki. Mama mkwe ana goti bovu, akitembea anachechemea na kushika kuta, lakini kila Jumapili asubuhi alikuwa anapanda barabara ya mlimani peke yake, anazikunja zile kona kama mtu anayekunja nguo zake mwenyewe. Aliwahi kuniambia, "Humo ndani siumwi." Hakuwa mtu wa kulalamika, ndiyo maana nililishika neno lile.

Kisha macho yake yakaingia ukungu. Mtoto wa jicho, huku na huku. Hakungoja aambiwe. Alilifunika gari turubai, akanikabidhi funguo, akakaa nyumbani muda mrefu ananuna kimyakimya hadi zamu yake ya upasuaji ilipofika. Baada ya upasuaji alikaa kwa mdogo wake ili apone vizuri. Alipofunguliwa macho alinipigia simu, na kabla hata sijamaliza shikamoo yangu akaniuliza hali ya betri.

"Liweke tayari, baba," alisema. "Nataka kuliendesha nikiona."

Nilikwenda nyumbani kwake kulichukua siku ileile. Nikakuta turubai limekunjwa vizuri na gari halipo. Nilirudi nyumbani mbio, mke wangu akaanza kuhangaika na sufuria ambazo hazikuwa na shida yoyote. Nikajua. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba Bingwa alikuja na funguo za akiba, kwamba anamwandalia mama zawadi ya kupona, kwamba nisiharibu mambo kwa mdomo wangu.

Zawadi yenyewe ililetwa gereji kwangu ikiwa imebebwa mgongoni mwa lori. Ati imegoma kidogo. Bingwa aliruka chini, simu mkononi, anajirekodi, akafungua boneti kama mtu anayefunua keki. Jamani. Nimefungua injini zilizozama mtoni, nimetoa panya waliooza kwenye vichujio vya hewa, sijawahi kuona uchafu kama wa siku ile. Mabomba ya kutolea moshi, yale yaliyokuwa yamepinda kwa adabu, yalikuwa yamekatwa kwa grainda na kuungwa turbo iliyotolewa kwenye gari la mizigo. Weldingi imevimba madonge. Na silikoni! Silikoni nyekundu imejaa kila maungio, imetoka nje, imening'inia kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Hata kwenye mrija wa oili ya turbo alipaka silikoni, mahali ambapo kipande kikimeguka kinaziba njia na turbo inakauka ikizunguka. Palinuka oili iliyoungua na plastiki.

Yeye alikuwa anaeleza. Moshi unazungusha feni huku, feni inasukuma hewa kule, hewa ikizidi na mafuta yanazidi, nguvu inaongezeka. Ananieleza mimi. Nilimwacha amalize, kisha nikamuuliza amefanyaje kuhusu mbano, kwa sababu injini ya kuvuta yenyewe hubana hewa sana, na ukiisukumia hewa nyingine juu ya hapo mafuta hulipuka kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Niliuliza nikitumaini hajafanya lolote. Mtu ambaye hajafanya lolote unaweza kumwokoa.

Alitabasamu hadi jino la mwisho. Akasema hilo alilijua, asidhaniwe mshamba. Alizitoa pistoni zote, akazipeleka kwa mkereza vyuma, zikakerezwa vichwa. Alisema hivi: "Tumezinyoa."

Nilikaa kwenye tairi. Pistoni za injini ile hazitengenezwi tena. Mimi mwenyewe nilihangaika kuzitafuta nilipoifungua mara ya mwisho, nikaandikia watu hadi ng'ambo, nikaambulia seti moja, na nilikuwa nimekwisha mwambia mama mkwe kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Chuma kikishakerezwa hakioti tena. Ukiiondoa turbo sasa, unabaki na injini isiyo na pumzi hata ya kupanda mlimani. Ukiiacha, unabaki na pistoni zenye vichwa vyembamba zinazosubiri kutobolewa. Nilimwambia yote hayo, na maneno mengine ambayo si ya kuandika. Akacheka. Alisema sisi mafundi wa zamani tuna wivu, na kwamba mama atapaa.

Nilitaka kumfukuza yeye na lori lake. Lakini mama alikuwa njiani, na ningelikataa angelipeleka kwa mjuaji mwenzake, halafu mama mkwe angelipanda likiwa vilevile. Basi nikafanya kazi nisiyoitaka. Nilikwangua silikoni kwa kucha na kisu, nikatengeneza mrija wa oili upya, nikaifunga pumzi ya turbo iwe ndogo kadiri inavyowezekana, nikarekebisha wakati wa kuwashwa kwa mafuta. Kila jioni nilinawa mikono mara mbili na bado nilijisikia mchafu. Liliwaka. Lilitoa mluzi mwembamba kama wa mtu anayeita mbwa, na ile sauti yake ya zamani, iliyokuwa inapanda ikifunguka, ilikuwa imezibwa kitambaa mdomoni.

Mama mkwe alikuja amevaa viatu vyake vya kuendeshea. Bingwa alikuwa amefunga utepe kwenye boneti, amenyoosha simu, anatangaza kwa mashabiki wake wasioonekana. Mama akamkumbatia. Akaliangalia gari kwa muda, akiliona vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na akasema wekundu wake alikuwa ameshausahau. Mimi alinishika bega, akasema twende wote, siku ya kwanza asiende peke yake.

Tangu tunatoka mjini nilijua kwamba amejua. Alikanyaga, gari halikujibu. Akakanyaga tena, likakaa, likafikiri, halafu likaruka. Akaondoa mguu, akanitupia jicho. Kwenye mlima alijaribu kuliongoza kwa upole, kama zamani. Upole haukuingia popote. Alipofika kwenye ile kona ndefu inayozunguka mwamba, alikanyaga katikati yake ili limbebe atoke. Kwanza kimya. Kisha mluzi. Kisha nguvu zote zikaja kwa mpigo mahali ambapo hakuna mtu aliyeziita, nyuma likateleza, tukaangalia bonde kwa kioo cha mbele. Alilikamata. Sijui mtu mwingine yeyote mwenye umri wake ambaye angelikamata. Lakini goti lilimgonga chini ya usukani, na nilimsikia akitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Alisimama pembeni, akazima. Injini ilikuwa inagonga ikipoa. Alijisugua goti, akauliza Bingwa amefanya nini ndani. Nikamweleza: turbo, mabomba, na pistoni. Alikuwa anazijua zile pistoni, maana siku zilipofika aliziweka mapajani akazipangusa moja moja.

"Linarudi?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Halirudi."

Alikaa akiliangalia bonde. Nilifikiri analia, lakini alikuwa anatazama tu, macho makavu. Akauliza kama nimemwambia mwanawe. Nikasema nimemwambia, hakuamini.

"Basi aendelee kutoamini," alisema. "Huyu akijua ameniharibia, hatajisamehe. Namjua, nimemzaa. Na wewe usije ukamwambia."

Damu ilinichemka. Nilimwambia mtoto huyo ana ndevu, na kwamba ndivyo alivyolelewa, kila akivunja kitu mtu mwingine anameza. Sijawahi kumjibu mama mkwe namna ile. Hakukasirika. Alinipa funguo, akashuka, akazunguka gari akishika boneti, mlango, kona ya nyuma, akakaa upande wa abiria. Nikaendesha mimi.

Kabla hatujafika aliniomba nisimame, tukabadilishana viti tena, ili aingie gereji akiwa kwenye usukani. Bingwa alikuwa anasubiri, simu juu, anakimbia pembeni ya gari. Alimuuliza mama ameonaje, ajibu akiangalia kamera.

"Lina nguvu, mwanangu," alisema, na akacheka kweli kweli, cheko ambalo hata mimi ningelidanganyika. "Limenizidi. Umeshalitengeneza, lichukue wewe. Mimi nilishashiba barabara."

Ungeona alivyoruka. Hakuuliza mara mbili, hata kwa adabu. Hakumtazama mguu wakati anashuka, nami ndiye niliyemshika kwapani akavuka kizingiti. Bingwa aliwasimulia mashabiki wake habari yote: mama mwenyewe amekubali kazi, mama mwenyewe amekabidhi funguo. Alizungusha injini palepale hadi mluzi ukajaa uani na oili ikaanza kunuka. Mama mkwe aliketi kwenye benchi, akaweka mkono juu ya goti, akampungia kila alipomwelekezea simu.

Kisha Bingwa akaizima injini, akanijia amelowa jasho la furaha, akaniwekea mkono begani kama mtu anayemsamehe mwenzake.

"Shemeji," akasema, "si uliona mama alivyofurahi?"

Mama mkwe alikuwa ananiangalia. Nikasema niliona.