Mto wa Shavu

Jicho la Mama lilikuwa limezama. Nilisimama mbele ya bunduki yake, tupu, niliyokwisha kuikagua, nikimchungulia kutokea upande wa mitutu kama tufanyavyo mafundi tunapompima mlengaji. Mboni ilipaswa kukaa yote juu ya reli, ule utepe mwembamba wa chuma unaopita juu ya mitutu na kuliongoza jicho hadi kwenye shanga ya mbele. Niliona nusu tu, na juu yake unyusi uliokunjwa kwa hasira.

"Reli imelegea," akasema. "Sahani zinanipita juu, zinanicheka."

"Reli haina neno, Mama."

"Basi fundi ndiye mwenye neno."

Mama hakuwinda kitu maishani mwake. Hata kuku alimwachia jirani amchinje. Alichopenda ni sahani za udongo zinazorushwa na mashine, zikapasuka hewani na kuanguka vumbi tupu, bila damu na bila lawama. Pale klabuni walimwita Mashavu, naye aliitika. Yalikuwa mashavu ya kujaa, ya mwanamke anayeonja kila sufuria mpaka chakula kinapungua kabla ya kupakuliwa. Akicheka, macho yalipotea kabisa.

Na mashavu hayo yalikuwa na kazi. Bunduki ya shabaha hailengwi kwa jicho peke yake. Shavu hulala kwenye kipande cha mti kilicho juu ya kitako, tunakiita mto, nalo shavu ndilo linalolipandisha jicho mahali pake. Mto wa bunduki ya Mama ulikaa juu ya vinguzo viwili vya chuma, ukipanda na kushuka kwa skrubu. Niliutengeneza mwenyewe, nilipokuwa bado najifunza kazi, na miaka yote hiyo haukuwahi kuguswa.

Siku ile nilifanya alichotaka mteja. Nikaishusha kidogo ncha ya mbele ya reli ili risasi zipande, tukaenda uwanjani, akapiga kwenye karatasi kubwa niliyoitundika ukutani. Marisau, zile punje za risasi, yakatoboa chini, chini vilevile. Nilisimama mbele ya karatasi ile nikijifanya nahesabu matundu. Tatizo halikuwa chuma. Kilichosogea kilikuwa uso wa mama yangu.

"Mama, umekonda."

"Nimeacha sukari. Ulitaka nikonde lini, nikishazikwa?"

Nikacheka, maana alinitazama mpaka nicheke. Nikairudisha reli ilivyokuwa, nikapandisha mto unene wa kucha, nikakaza. Sahani tatu za kwanza alizozipiga baada ya hapo zilikwenda vumbi, akanipiga begani kwa furaha kama vile nimemponya.

Alirudi. Akarudi tena. Kila mara alikuwa na sababu: mara hewa ya unyevu imevimbisha mti, mara mtu wa klabuni ameichezea skrubu. Kila mara niliupandisha mto kidogo, na kila nilipokaza, skrubu iliacha alama kwenye kinguzo, mduara mwembamba unaong'aa. Nilimwomba twende hospitali. Akasema ameshakwenda, alikwenda kabla hata hajaja kuniambia kuhusu reli, na kwamba madaktari wana mengi ya kusema na mimi nina kazi ya kufanya. Nikafanya kazi. Nilikuwa nampima mama yangu akiondoka, kwa vipimo vya fundi, na roho iliniuma kila niliposhika ufunguo wa skrubu.

Mara ya mwisho aliletwa na dada yangu, ambaye alikuwa amehamia kwake kumuuguza. Dada aliweka bunduki mezani akatoka nje kupata hewa. Mama akaketi kwenye stuli. Hakuweza tena kuinua mitutu, kwa hiyo niliishikilia kwa mkono mmoja huku nikichungulia, na jicho lake likanitazama kutoka upande wa pili wa chuma, kubwa kupita uso. Nikapandisha mto. Mboni ikakaa juu ya reli, sawasawa.

"Hapo," nikasema.

"Pandisha zaidi."

"Ukizidi hapo utapiga juu ya sahani, Mama."

"Leo ndiyo. Weka kimo cha shavu la mwezi ujao. Sitaki kukusumbua tena."

Hakuwa analia, wala sauti yake haikubadilika. Alikuwa anasubiri tu, kama anayesubiri kibarua amalize. Nikapandisha mpaka akatikisa kichwa kukubali, nikakaza. Akanyoosha kidole akanifinya shavu, kama nilipokuwa mdogo.

"Wewe unayo," akasema. "Uyatunze."

Hakuufikia ule mwezi. Mto ukabaki umesimama pale juu, ukiusubiri uso ambao haukuja.

Baada ya matanga kwisha, Dada alikuja karakanani kwangu na bunduki begani. Alitaka kuchukua nafasi ya Mama klabuni. Alilaza shavu, nami nikaenda kusimama mbele.

"Naona reli yote," akasema. "Kama barabara."

Nikalegeza skrubu. Nikaushusha mto taratibu, nikaipita ile alama ya juu kabisa, ya shavu lisilokuja. Nikazipita zile za hewa ya unyevu na za mtu aliyechezea skrubu. Nilikuwa narudi nyuma, na nilitamani vinguzo viwe virefu. Nilikuwa na hakika tutaishia kwenye alama ya zamani kuliko zote, kwani Dada ndiye aliyerithi mashavu, na klabuni walikwisha kuanza kumwita Mashavu Mdogo.

"Hapo," akasema.

Nikatazama. Ilikuwa katikati. Chini yake zilibaki alama kadhaa, na ile ya kwanza ilikuwa mbali. Nikainua macho nikamtazama dada yangu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, nikaona mashimo pale palipokuwa na mashavu. Alikuwa amemlisha mtu kwa kijiko miezi yote ile, na hakuna aliyemlisha yeye.

"Kaza basi," akasema. "Iko sawa."

"Sikazi hapo."

"Kwa nini?"

"Umekonda, Dada. Utakaa hapa, utakula kwanza."

Alifungua mdomo anijibu kwa mzaha, kama Mama, lakini mzaha haukutoka. Akaiteremsha bunduki mapajani, akaanza kulia. Nikaiacha skrubu imelegea, nikaenda kubandika chai.