Bao la Mzee Nyanda Lahamia Mashineni

Mwaka ule wa sabini na tano Masunga alihama Shinyanga akaja bonde la Usangu na ng'ombe arobaini, mkewe, na baba yake mzazi, Mzee Nyanda. Mzee naye akaja na bao. Njia nzima alilipakata juu ya lori, zito namna ile, na mfuko wa kete kaufunga kiunoni. Ole wako uuguse!

Bao likawekwa pale ambapo Msukuma yeyote angeliweka: uani, penye moto wa wanaume, mkabala na mlango wa zizi. Mzee akapanga kete, akasubiri wageni. Wiki ikapita, mwezi ukakatika. Wenyeji walipita njiani, wakasalimia kwa adabu zote, wakaenda zao. Mzee akawa anacheza peke yake, mkono wa kulia na wa kushoto, na bado anagombana.

"Nirudishe kwetu," alisema siku moja. "Hapa nitakufa bure. Jumamosi lori la mpunga linakwenda Iringa, naondoka nalo."

Masunga roho ilimuuma kweli kweli. Mzee wa miaka sabini arudi peke yake, kwa nani? Mama alishafariki, ndugu wametawanyika. Akiondoka huyu, ndiyo basi, hawataonana tena.

Akamfuata Yotamu, Msangu mwenye shamba la jirani, akamuuliza bila kuzunguka, "Ndugu yangu, mbona hamji kwetu? Mnatuchukia?"

Yotamu alicheka mpaka akashika mbavu. "Tuwachukie kwa lipi? Ila bwana, bao umeliweka mlangoni kwa ng'ombe! Mimi nikae pale leo, keshokutwa ndama apotee, utamuuliza nani kwanza?"

Lo! Masunga alijiona bwege. Kwao, kumketisha mgeni karibu na zizi ndiyo heshima yenyewe. Kumbe huku watu waliona mtego.

Akazunguka kijiji akitafuta pa kuliweka. Kwa Yotamu? Litageuka la Yotamu. Ofisi ya kijiji? Nani atapiga kelele mbele ya mwenyekiti? Mwisho akasimama barazani kwa mashine ya kusaga. Kivuli kipo, benchi lipo, na hakuna nyumba isiyopeleka mahindi pale.

Mzee akawaka. "Bao la baba yangu lilale nje? Kete zikiibiwa je?"

"Bao lilale kule, Baba. Kete zilale kwako. Usipofika, hakuna atakayecheza."

Mzee akaguna. "Mpaka Jumamosi tu."

Jumatano alimfunga Yotamu mara tatu. Alhamisi alifungwa yeye, akarudi nyumbani akitukana njia nzima, na akala ugali wote. Masunga akaanza kutumaini. Lakini Jumamosi asubuhi akamkuta mzee amevaa koti lake la safari, sanduku mkononi. Hakumbishia. Alilibeba lile sanduku, wakaongozana.

Lori lilikuwa linapakia magunia pale pale mashineni. Masunga akalipandisha sanduku, mzee akapanda, akakaa juu ya mpunga. Barazani, Yotamu na wenzake wawili walikuwa wamelizunguka bao tupu.

"Mzee, umechelewa!" Yotamu akapaza sauti. "Njoo ulipe kisasi, au umeniogopa?"

Mzee akapeleka mkono kiunoni. Kete zilikuwepo. Akaufungua ule mfuko kiunoni, akauinua kama anayetaka kuwarushia, kisha akaurudisha kifuani.

"Nyie? Mtazipoteza zote kabla ya jioni." Akamgeukia mwanawe. "Unashangaa nini? Shusha sanduku!"

Masunga alilishusha mbio mbio. Dereva akapiga honi, akaondoka. Mzee alikuwa ameshashuka, amekaa penye bao, anapanga kete.

"Baba," Masunga akamuuliza, machozi yanamlenga, "na lori la Jumamosi ijayo?"

"Hebu nyamaza," alisema mzee. "Huoni nacheza?"