Kopo Moja kwa Kila Chungu

Mtaa mzima ulimwita Kipaza, kwa sababu hata alipomnong'oneza mkewe kwamba choo kimeziba, jirani wa ghorofa ya juu alishuka na waya wa kuzibulia. Shule aliiacha mapema, au shule ilimwacha yeye, inategemea umemuuliza siku gani. Mengine yote alijifundisha mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyomfikia, hata gazeti lililofungiwa misumari. Katika kiwanda cha sabuni, alikofanya kazi mpaka alipofukuzwa, alipanda juu ya pipa kuhutubia mara nyingi kuliko alivyopanda kitandani kulala. Na hakusahau kitu. Alikumbuka nani alikuja kwenye mkutano gani, nani alichelewa, na nani alipiga miayo wakati yeye ndiyo kwanza anafika penye utamu.

Mtu kama huyo ndiye aliyeachiwa maua.

Binti yao alikuwa amejifungua mji mwingine, na mkewe alikuwa anakwenda kumwangalia mzazi. Mlangoni, mkoba begani, aligeuka akaelekeza kidole roshani, zilikokuwa jeraniamu zake. Hazikuwa zile za maua makubwa mekundu ya kupambia mahoteli. Hizi maua yake madogo, ya kubahatisha. Mali yote iko kwenye jani. Ukilipekecha jani kati ya vidole linakutolea harufu: huu mche limau, ule mnanaa, na ule mkubwa wa mbele, waridi. Huo wa waridi uliitwa Bibi. Mama mkwe ndiye aliyeuotesha, na alipofariki, mkewe hakuomba kitu kingine katika nyumba ile ila chungu hicho.

"Baba watoto, sikiliza. Maji usitie mpaka udongo ukauke. Tia kidole, ukikuta unyevu, waache. Bibi hasa. Anataka jua, hataki kubembelezwa. Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Kipaza, ambaye wakati huo alikuwa anabishana na redio.

"Ukiniulia Bibi, usije kunipokea kituoni."

"Mama watoto, nimeongoza wafanyakazi wa zamu tatu. Nishindwe na majani?"

Mkewe alimtazama kama mtu anayetazama mvua inakuja na nguo ziko kwenye kamba. Akaenda.

Ukweli ni kwamba Kipaza hakuwahi kuyatazama maua yale sawasawa. Alikuwa na kisa na harufu nzuri. Kiwandani walikuwa wanapika sabuni ya waridi, inapakiwa kwenye malori inaondoka, na wao wapishi wanapewa vipande vilivyovunjika kabla havijatiwa manukato. Tangu hapo akashikilia kwamba harufu nzuri ni ya tabaka la juu. Maneno hayo aliyasema kila jioni, halafu akaenda kulalia foronya ambayo mkewe ameiwekea majani ya Bibi ndani, akalala usingizi wa pono. Chai aliyokunywa ilikuwa na sukari iliyolazwa na majani hayohayo kwenye chupa. Alidhani ni sukari ya kawaida, ila yenye adabu.

Basi asubuhi ya kwanza akavuta kigoda, akaketi roshani, akatazama. Na alichokiona kilimpandisha mori.

Bibi alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye vyuma vya roshani, analiota jua lote peke yake. Nyuma yake limau limebanwa. Mnanaa, mwenye majani mapana laini kama sikio la ndama, ametupwa pembeni kwenye kivuli cha beseni la kufulia. Chini kabisa, ndani ya makopo ya rangi, vimepangwa vijiti vichanga visivyo na mtetezi.

"Kumbe humu ndani!" alisema Kipaza kwa sauti. "Napambana na unyonyaji nje, kumbe upo roshani kwangu!"

Siku hiyohiyo akafanya mageuzi. Bibi akahamishiwa kwenye kivuli cha beseni, apumzike, maana amekalia kiti muda mrefu. Mnanaa akaletwa mbele. Na maji: kopo moja kwa kila chungu, kila asubuhi, bila kujali ukubwa, ukoo wala harufu. Chini ya vyungu akaweka visahani ili tone la umma lisipotee bure. Halafu, kwa kuwa hakuwa na mkutano mwingine wowote tangu wenzake waanze kumwona anakuja na kuvuka barabara, akawahutubia.

Mnanaa akanawiri. Anapenda maji, lakini Kipaza hilo hakulijua. Yeye alijua kwamba sera imekubalika. Akawa kila akipita anampigapiga jani begani, kama mtu anavyompongeza mjumbe.

Bibi akaanza kugeuka njano.

"Kasusa," Kipaza akaamua. Aliwajua watu wa namna hiyo. Ukimwondoa mkubwa kwenye kiti, hujifanya mgonjwa ili umrudishe. Dawa yao ni kutorudi nyuma. Akamwongezea kopo la jioni, asije mtu kusema alibaguliwa. Majani yakalegea. Akaongeza jingine.

Simu ikalia, mkewe yuko upande wa pili, na kichanga kinalia nyuma yake.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

"Jumamosi narudi. Mtoto anaendelea vizuri, na mama yake ananiona kama nyapara. Mpekeche jani moja Bibi, nambie ananukiaje."

Kipaza akaenda na simu mpaka kwenye beseni, akainama, akapekecha jani. Likamsagikia vidoleni kama ugoro uliolowa. Akanusa. Akanusa tena.

"Ananukia... kihistoria," alisema.

Simu ilipokatwa akalishika shina. Lilikuwa jeusi kutoka udongoni, na chini lilibonyea kama ndizi iliyosahauliwa mfukoni. Alikuwa amewahi kumwona mkewe akikata vijiti na kuvichomeka, vikaota. Akachukua kisu, akakata tawi la kwanza. Ndani kahawia. La pili kahawia. Akakata mpaka hapakubaki cha kukata, na Bibi akawa kisiki ndani ya tope. Waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakusema cha kufanya ukiwa umeyamwaga kwa makusudi, kwa kipimo sawa, tena na hotuba.

Akakaa kwenye kigoda. Hakuwa mtu wa kuogopa. Aliwahi kusimama mbele ya mbwa wa walinzi na kuwasomea madai. Lakini uso wa mkewe ukikitazama kisiki kile aliuogopa. Mama mkwe hakuwa na kaburi la karibu. Alikuwa na chungu.

Akashuka kwa fundi wa kushona, ghorofa ya chini, ambaye dirishani kwake alikumbuka ameona majani yanayofanana. Alikumbuka na mengine. Mwaka wa maandamano fundi huyo hakufunga duka, na Kipaza alimwita kibaraka mbele ya wateja wake, kwa kipaza sauti. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kipaza aliwatukana wote, na wengine akawafuata makwao wasije wakakosa kusikia.

"Shemeji!" fundi alisema bila kunyanyua mguu kwenye cherehani. "Leo umekuja kunifungia duka au kuninunulia?"

"Nimekuja kwa jambo la majani."

Alipomaliza kueleza, fundi alikuwa amesimamisha cherehani na anajifuta machozi kwa kipande cha bitana.

"Kopo kila siku? Bibi wa watu? Shemeji, ungempa sumu angeteseka kidogo!"

"Ilikuwa kanuni."

"Kanuni imeoza mizizi. Mimi ninalo la limau tu, alinipa mkeo. Nusu ya jengo hili kawapa yeye, hujui? La waridi liko kwa mtu mmoja." Akaelekeza sindano ng'ambo ya ua. "Kwa Nyapara."

Kipaza akahisi kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Nani alimpelekea?"

"Mkeo si alimpelekea mke wake, Mungu amrehemu? Wiki ileile mliyofungiwa geti. Mama wa watu alikuwa hasemeshwi hata bombani."

Nyapara! Kila mtu mtaani aliijua habari ile, maana Kipaza aliisimulia kwa wasiouliza. Wafanyakazi wamegoma wote, wamekaa mbele ya geti kubwa wanaimba. Nyuma, Nyapara, msimamizi wao, anafungua geti dogo, anaingiza vibarua wa kuja kuchukua kazi zao. Mgomo ukafa siku hiyo. Na Kipaza, juu ya pipa lake la mwisho, akaapa mbele ya umati: mkono wangu huu hautagonga mlango wa yule bwana mpaka naingia kaburini.

Akarudi ghorofani, akakitazama kisiki. Akashuka tena, akavuka ua. Akafika kwenye mlango wa Nyapara, akasimama kama mtoto aliyetumwa chumvi kwa mtu mkali.

Akagonga kwa mguu.

Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu aliyepungua mwili, miwani imefungwa kwa uzi.

"Huo ulikuwa mguu?"

"Mkono una kiapo."

"Nakumbuka. Nilikuwepo." Nyapara akamtazama juu mpaka chini. "Pita, mwenyekiti. Viatu vua, hapa si uwanjani."

Roshani ya Nyapara ilikuwa imejaa. Waridi tupu: vichaka vimenyonyolewa ncha vikatanuka, majani yamekatika kama vidole, kijani kikavu chenye afya. Upepo ulipopita Kipaza akasikia harufu ya foronya yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza akajua imetoka wapi. Ikamuuma kwamba adui ananukia kama kitanda chake.

Akaeleza shida yake, kwa kifupi, yaani kwa robo saa. Nyapara hakucheka. Hilo likawa baya zaidi.

"Vijiti nitakupa. Utakata mwenyewe. Ila mimi nitasimama hapa."

"Sifanyi kazi chini ya nyapara."

"Basi goma."

Inzi akazunguka, akatua kwenye miwani ya mzee, akaondoka.

"Masharti?" aliuliza Kipaza.

"Shika kisu. Chagua tawi ambalo halijatoa ua. Si hilo! Unaliona lina kikonyo? Hilo la pembeni. Kata chini ya kifundo, pale jani lilipoota. Chini, nimesema. Unakata jeraniamu au unachinja?"

"Sauti hiyo ndiyo iliyotufanya tugome."

"Na mkono huo ndio ulioharibu mitambo. Toa majani ya chini. Usiyatupe, nipe, nayatia kwenye sukari. Sasa uvilaze kivulini mpaka jioni, kidonda kikauke. Hapo ndipo uchomeke, kwenye udongo wenye mchanga. Maji kidogo siku ya kwanza, halafu uache."

"Mpaka lini?"

"Mpaka udongo ukauke. Utie kidole."

"Hilo mke wangu alisema."

"Sasa limeingia?"

Kipaza alivifunga vijiti kwenye leso. Angeondoka, lakini kumbukumbu ndefu haijui kuondoka.

"Kwa nini ulifungua lile geti?"

"Niliamriwa."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ulitaka nilie? Niliamriwa, nikafungua. Ningeamriwa kesho ningefungua."

Kipaza alikuwa ameandaa majibu ya kila aina ya toba, tangu ujana wake, na sasa hayana pa kwenda. Akavaa viatu, akaenda zake bila kuaga, ila mlango aliufunga polepole, kwa ajili ya leso.

Jumamosi mkewe hakukuta mtu kituoni. Alimkuta mumewe sebuleni, amevaa koti, mbele yake hotuba yenye utangulizi. Akampita, akaenda roshani. Chungu cha Bibi kimerudi mbele kwenye jua. Ndani yake vijiti vitatu vimesimama wima kama watoto wa gwaride. Pembeni, juu ya gazeti, kisiki cheusi. Kipaza hakuweza kukitupa.

Mkewe alikiokota kile kisiki, akakiweka mapajani, akakaa kwenye kigoda. Kipaza alifungua kinywa. Hotuba ilikuwepo yote, mpaka hitimisho. Akakifunga. Alikumbuka watu wote waliowahi kumwambia anyamaze, na kwa masikitiko akaona kwamba baadhi yao walikuwa na hoja.

Mkewe akapekecha jani la kijiti, akanusa. Macho yalikuwa yamemlowa. Akainama, akatazama palipokatwa.

"Nani kakata?"

"Mimi."

"Chini ya kifundo? Wewe? Nani kakusimamia?"

Kipaza akatazama ng'ambo ya ua.

"Uligonga mlango wake?"

"Kwa mguu."

Kicheko kilimtoka mkewe bila ruhusa, kikachanganyika na kilio, ikawa shida kujua kipi kinamaliza kwanza. "Kwa mguu! Mtu mzima!"

"Nawe uliwapelekea kijiti," alisema Kipaza. "Wiki ileile. Nyuma ya mgongo wangu."

"Wewe uligombana na mumewe. Mimi sikugombana na mtu. Sasa sikiliza: kuanzia leo umeshuka cheo. Maji usiyaguse. Utafagia majani."

"Na mnanaa? Amezoea kopo lake..."

"Utafagia majani."

Hapo mlango ukagongwa. Uligongwa chini, kwa mguu. Kipaza alichungulia kwenye tundu: Nyapara, mikono yote miwili imeshika chungu kikubwa, waridi limesheheni majani, mtoto wa Bibi aliyekulia kwa adui.

"Amekuja kukagua," Kipaza alisema kwa sauti ndogo, ambayo jirani wa juu aliisikia.

"Fungua," alisema mkewe.

Kipaza akashika komeo. Kulikuwa na historia nzima kati ya mkono wake na chuma kile.

"Umeniamuru?"

"Nimekuamuru."

Akafungua.