Abiria Kumi na Saba wa Mpala

Jumatatu saa tatu asubuhi, Consolate alifungua biro yake ya kutengenezea filamu karibu na bandari ya Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, akawasha kompyuta na kuchomeka flashi aliyoletewa na mwenye boti. Boti hiyo ilizama mwezi wa pili ikienda Moba. Mwenyewe alitaka filamu ya pande tatu ya kuionyesha tume ya uchunguzi kwamba kosa lilikuwa la mawimbi. Mhandisi alikwisha kuiga ajali yote katika faili moja: upepo, maji, na abiria thelathini na wawili wa kwenye orodha. Consolate alitakiwa kuliingiza faili hilo katika programu yake ya uhuishaji, kwa programu-jalizi ndogo ya kazi hiyo, kisha kuwavika watu nguo.

Kwa bahati mbaya ya mwenye boti, programu-jalizi ilifanya kazi vizuri. Waliingia abiria arobaini na tisa.

Wale kumi na saba wa ziada walikuja na nguo zao na magunia yao ya ndakala, dagaa wa ziwani. Consolate aliwafuta, akaingiza faili upya, wakarudi, safari hii wamekaa vizuri zaidi. Mipangilio haikuwa na kosa. Mtu yeyote wa ziwani anajua kwamba orodha hufungwa bandarini, na kwamba njiani, mbele ya kijiji cha Mpala, boti hupunguza mwendo, mitumbwi ikasogea, watu wakapanda bila kuandikwa. Mhandisi hakuwa mtu wa ziwani.

Consolate alimwita Florentine, muuza samaki wa mlangoni. Mumewe, Barthélemy, alipandia Mpala siku ile. Kwa kuwa hakuwa kwenye orodha, mama mkwe wa Florentine alisema kijana amemkimbia mke mbaya, yuko Kigoma, na akakataza matanga. Florentine alikuwa na miezi minane hajaruhusiwa kulia.

“Njo yeye,” alisema. “Ile shati ni miye nilimushonea.”

Barthélemy aliinua kichwa kwenye kioo cha kompyuta, akamuuliza mkewe:

“Umekula?”

Florentine alijibu kwamba amekula, ingawa haikuwa kweli.

Alhamisi filamu ilionyeshwa tume na wafiwa kwenye ukuta wa ukumbi wa parokia. Boti ilipolala ubavu, wale kumi na saba walishuka kutoka ukutani, wakapita katikati ya mabenchi wakichuruzika maji, kila mmoja akakaa kwa watu wake. Mama Agathe, yule mama mkwe, alisogea kumpisha mwanawe. Alimpangusa kichwa kwa kitenge, kisha akamgeukia Florentine mbele ya watu wote.

“Mukamwana wangu, unisamehe. Kesho tunaweka matanga.”

Ukumbi mzima ulisimama na kuimba. Matanga yalikwenda siku tatu, na Florentine alilia kwa sauti yake yote, kwa raha. Barthélemy mwenyewe alisaidia kubeba viti. Jumapili baada ya misa alirudi majini pamoja na wenzake.

Tume iliandika abiria thelathini na wawili, kwa sababu orodha ilikuwa na muhuri. Jumatatu boti mpya ya yule mwenye boti ilitoka bandarini, na mbele ya Mpala ikapunguza mwendo, mitumbwi ikasogea.

Consolate hakuifuta ile programu-jalizi.